Mahandaki Matatu ya Kwemkaa

9 Machi

Leo mtu amenipa mkono wa heshima kwa sababu ya ramani, na nimeona niandike furaha ingali moto.

Mhandisi anaitwa Wilfred. Amekuja kutoka Tanga kujenga zahanati yetu hapa Kwemkaa, zahanati tuliyoililia tangu baba yangu akiwa hai. Alitandaza karatasi kwenye meza ya ofisi ya kijiji, akaibana pembe kwa mawe manne, nami nikaitambua kabla sijavaa miwani. Mistari ya kahawia ya miinuko, vijito vya buluu, mashamba ya mkonge chini kuelekea Maramba. Pembeni, kwa herufi ndogo kama punje za ufuta: Mchoraji, B. Noa, 1987.

"Mama, eti huyu B. Noa ni mtu wa hapa?" aliuliza.

"Ndiye unayesema naye. Bertha."

Akasimama wima. "Shikamoo mama! Mistari yote hii kwa mkono?"

"Kwa mkono na kwa pumzi. Ukipumua vibaya, kilima kinahama."

Mwenyekiti Zubeiri alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nami sikuficha meno.

Nimefanya kazi ya kuchora ramani Tanga mjini miaka thelathini na tisa, nikastaafu mwaka jana, nikarudi huku mlimani. Baba aliletwa manamba kutoka Njombe kukata mkonge. Tulikuwa "watu wa kambini", wageni hata kwenye misiba. Nilipopewa kuichora upya karatasi ya milima hii nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilijiambia: sasa hakuna atakayesema si kwetu, maana hakuna kijito ambacho hakikupita chini ya kalamu yangu.

Zahanati itajengwa bondeni, chini ya mlima, jirani na kwa Zuwena Tahiri. Ramani inaonyesha ardhi safi.

12 Machi

Mvua ya kwanza. Nimepanda mahindi mistari sita, mgongo ukanikataa.

17 Machi

Mkutano wa kijiji. Wilfred ameeleza ujenzi vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha Zuwena akanyoosha mkono. Tulisoma darasa moja na Zuwena. Yeye ni wa hapa kwa babu na bibi, mjane, mwenye mbuzi na maneno mengi.

"Mimi sipingi zahanati," alisema. "Ila mlima ule una matundu. Mzungu alichimba makaa ya mawe mle, babu yangu akiingia na taa kichwani. Nyuma ya nyumba yangu ardhi inapumua. Mkijenga pale mtakuja kulia."

Kwamba Waingereza walichimba makaa hapa, kila mtu anajua. Walichimba miaka michache kwa ajili ya mashine za mkonge, wakaondoka. Wapi hasa, msitu umeshafunika na waliochimba wamekufa. Zubeiri akanigeukia. "Mama Bertha, wewe ndiye mwenye mlima kwenye karatasi. Kuna matundu?"

Nikasimama. Najua nilivyosimama, kama mwalimu mkuu. "Kwenye ramani hakuna tundu hata moja. Na ardhi haipumui, Zuwena. Wanaopumua ni watu na mbuzi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Zuwena hakucheka. Alisema taratibu, "Bertha, mimi na wewe tumechuma zambarau pale. Hukuzaliwa na ramani mkononi." Akaketi.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimeshinda. Chai haikuwa na ladha.

18 Machi

Mvua. Zuwena amepita mbele ya mlango wangu bila salamu.

25 Machi

Msingi umechimbwa. Nondo zimefika. Udongo wa bondeni ni mweusi kuliko nilivyoutarajia, na fundi mmoja ameniambia unanuka kama jivu lililolowa. Nimemwambia ni majani yaliyooza.

2 Aprili

Wiki mbili bila salamu kijijini ni sawa na msiba. Nimekwenda kwa Zuwena na sahani ya mihogo. Ameipokea bila kutabasamu, akaiweka chini, akasema, "Njoo."

Nyuma ya nyumba, ambapo mlima unaanzia, kuna mawe yaliyoporomoka na magugu ya kijani kibichi kuliko mengine. Hapakuwa na upepo. Jani halikutikisika. Akanishika kiganja kama anavyoshikwa mtoto, akakipeleka kwenye ufa kati ya mawe mawili.

Hewa ilitoka. Ya baridi, ya taratibu, haikukoma. Nilihesabu mpaka sitini.

"Na hii ni nini, mchora ramani?" aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli.

Njiani kurudi nilikumbuka sauti ya aliyekuwa mkuu wangu, mwaka ule themanini na saba: "Binti, ramani inauawa na alama. Kisichotumika, futa." Nilifuta vingi. Vibanda, njia zilizokufa, visima vilivyokauka. Sikumbuki vyote. Kesho kutwa nakwenda Tanga.

4 Aprili

Niko Tanga, kwa dada yangu. Naandika barazani, jua bado lipo.

Anold, mwenzangu wa kazini, bado yuko stoo ya ramani, mvi kichwa kizima. Alinifungulia droo zile pana za chuma kama anayefungua jeneza la mtu aliyempenda. Tulianza na karatasi ya mwaka hamsini na tisa, iliyochorwa kabla ya yangu. Alama tatu ndogo nyeusi, kila moja kama uma wenye meno mawili, zimepangana kwenye mlima wa Kwemkaa. Anold akasoma ufafanuzi chini: mdomo wa handaki la mgodi.

Matatu.

Nikamwambia atafute karatasi ya majaribio ya themanini na saba, ile tuliyosahihishia kabla ya kuchapa. Ilikuwapo. Juu ya kila uma kuna msalaba wa penseli nyekundu, na kando yake herufi mbili: B.N.

Mkuu wangu alitoa agizo la jumla. Hakutaja mahandaki. Aliyeamua kwamba mahandaki hayatumiki ni mimi, binti wa kambini, niliyeujua mlima ule, niliyechuma zambarau pale. Nakumbuka sasa hata kwa nini. Mistari ya miinuko pale ilikuwa imesongamana, na alama zile ziliniharibia uzuri wake. Nilitaka mlima wangu uwe mzuri.

Anold alinivutia kiti. "Bertha, hakuna anayejua. Karatasi hii imelala humu tangu hapo. Unaweza kurudi kwenu ukasema hukukuta kitu."

Nilifikiri jambo hilo, sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nilifikiri muda wa kikombe kizima cha chai. Kisha nikaomba karatasi na kalamu, nikanakili namba za mahali pa alama zote tatu, nikamwomba asaini kama shahidi.

6 Aprili

Basi lilipoacha barabara ya Horohoro pale Mabokweni nilitamani likwame. Halikukwama.

Nimewaambia Zubeiri na Wilfred ofisini, sikupamba. Zubeiri alikuna shingo. Wilfred aliingiza namba zangu kwenye simu yake, na sote watatu tukapanda mlima kwa miguu kufuata kinachoonyeshwa.

Simu ilitupeleka upande wa kaskazini, kwenye mgongo wa mwamba mtupu. Mahali pa kwanza, mwamba. Pa pili, mwamba. Pa tatu, shamba la mihogo la watu. Hakuna handaki wala dalili.

"Mama," Wilfred alisema kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "hata ramani za zamani hukosea. Labda ulifuta kwa haki."

Msingi unaendelea kujengwa. Nimerudi nyumbani nikiwa nimekiri kosa ambalo hakuna anayeamini kuwa ni kosa.

8 Aprili

Nimelipata! Nimelipata mezani, saa nne asubuhi, maharage yakiungua jikoni.

Ramani za zamani na simu za leo hazipimi dunia kwa kuanzia mahali pamoja. Tulifundishwa hilo kazini, mashine mpya zilipokuja, na mimi mzee nikalisahau kwa aibu. Namba ya zamani ukiiingiza kwenye simu kama ilivyo, inakutupa kama mita mia tatu kaskazini ya ukweli, na kama tisini magharibi. Kwa hiyo unatakiwa kurudi kusini mita mia tatu, kisha mashariki tisini.

Nimekimbia, mimi wa miaka sitini na moja, mpaka bondeni. Wilfred alinisikiliza akiwa na koleo mkononi. Uso wake ulibadilika nikiwa bado katikati ya maneno. Hakuuliza mara mbili. Alirekebisha namba, tukatembea.

Alama ya kwanza ilitusimamisha nyuma ya nyumba ya Zuwena, hatua tano kutoka kwenye ufa unaopumua. Zuwena alikuwa amesimama na beseni la nguo. Alitutazama, kisha akaanika nguo ya kwanza.

Ya pili iko juu yake, ndani ya kichaka. Ya tatu iko upande wa juu wa msingi wa zahanati, mkabala na litakapokuwa dirisha la wodi ya wazazi.

Wilfred aliitazama nondo iliyosimama, kazi ya wiki tatu. Kisha akageuka. "Mafundi! Shukeni wote. Wekeni vyombo chini." Msimamizi wa kampuni yake alimpigia simu akifoka, hata mimi nilisikia. Kijana alijibu, "Nifukuzeni kazi, lakini hapa sijengi." Nilijivunia kama mwanangu.

10 Aprili

Mvua kubwa. Barua tumeipeleka wilayani. Tumeambiwa tusubiri.

11 Aprili

Nyumba tatu ziko chini ya midomo ile. Mbili zimekubali kuhama. Zuwena amekataa.

"Niliposema mlima unapumua mlinicheka. Leo simu imesema, ndio mnanihamisha? Basi hameni na simu yenu, mimi nakaa hapa."

"Zuwena, ni hatari."

"Najua ni hatari! Nimeijua kabla yako." Aliweka beseni chini. "Ulinicheka mbele za watu, Bertha. Nitoe aibu mbele za watu."

13 Aprili

Mkutano. Watu wengi kuliko ule wa kwanza, maana habari zimetembea.

Nimesimama nikiwa nimeshika karatasi ya themanini na saba. Nilikuwa nimeandaa hotuba, sikuisema. Nilisema: "Ramani hii niliichora mimi. Ni kazi safi na ninajivunia kila mstari. Lakini mahandaki matatu yalikuwapo, nikayafuta kwa mkono wangu ili mlima upendeze. Mwezi uliopita Zuwena Tahiri alisema kweli, nami nikawafanya mumcheke. Aliyestahili kuchekwa ni mimi. Zuwena, nakuomba radhi."

Mzee Uweso, aliyeketi nyuma kule, akakohoa, akasema, "Mtu wa kambini ana moyo." Siku nyingine ningechukia kuitwa hivyo. Leo nimelichukua kama nishani.

Zuwena alisimama, akajifunga khanga upya. "Nimesikia. Nahamia kwake."

Watu walicheka tena, safari hii tulicheka pamoja.

14 Aprili

Zuwena amefika na mbuzi wanane, jogoo, na kitanda cha kamba.

16 Aprili

Amepanga upya vyombo vyangu vya jikoni. Sioni chumvi.

19 Aprili

Mvua haijakatika siku tano. Zuwena anaswali chumba cha mbele, mimi naimba tenzi zangu jikoni nikipika. Ameniambia sauti yangu ni nzuri ila ninaanza juu mno.

Anajua mambo ambayo mimi miaka thelathini na tisa sikuyajua: kijito gani hulala upande gani mvua ikiwa kubwa, wapi udongo huteleza, wapi mbuzi hukataa kula. Nikaanza kuandika. Ameniuliza ninaandika nini. Nikamwambia, "Wewe."

23 Aprili

Mvua. Mahindi yamelala chini.

27 Aprili

Naandika jioni hii mikono ikiwa na tope, na nitaandika yote.

Asubuhi Zuwena alishuka kwake kutazama paa. Amekuwa akifanya hivyo kila siku, hasikii la mtu. Saa tatu alirudi akipanda kwa haraka, khanga imemvuka bega, akaniita toka mbali kwa jina langu.

"Chemchemi imekauka!"

Chemchemi ya pale nyuma ya nyumba yake haijawahi kukauka hata wakati wa njaa. Na leo ilikuwa siku ya kumi na tatu ya mvua. Maji yameingia mlimani siku kumi na tatu, na sasa hayatoki. Maana yake ndani kuna kitu kimeporomoka, kimeziba, na maji yote yamesimama nyuma yake.

"Zuwena, leo ni siku ya gulio."

Tulitazamana. Njia ya kwenda gulioni Maramba inapita bondeni, chini ya msingi wa zahanati. Watu wa vitongoji vya juu walikuwa tayari wanashuka na ndizi na hiliki.

Nilimpigia Zubeiri, nikampigia Wilfred aliyekuwa ofisini akisubiri majibu ya wilaya. Kisha tukashuka wenyewe, wazee wawili kwenye utelezi, tumeshikana mikono. Zuwena alisimama kwenye njia panda ya juu na kupiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. "Rudini! Mlima umefunga pumzi! Rudini!" Mwezi uliopita wangemcheka. Leo waliweka mizigo chini na kurudi bila kuuliza. Mama mmoja alimwacha hata jogoo wake aliyefungwa miguu.

Upande wa pili Wilfred alifunga njia kwa gari lake, akawageuza watu waliokuwa wanapanda. Zubeiri alizunguka nyumba mbili zile kuhakikisha hakuna aliyerudi kuchukua godoro. Kulikuwa na mmoja. Alimtoa kwa kumburuta.

Saa nne na dakika ishirini hivi nilisikia mlima ukikohoa. Sina neno lingine. Kisha mawe ya nyuma ya kwa Zuwena yakaruka kama magunzi, na maji yakatoka. Meusi. Meusi kama wino wangu, na mazito, yakibeba mbao za mwaka wa nyuma kabisa, magogo ya nguzo waliyoyasimamisha babu za akina Zuwena. Nyumba ya Zuwena haikuanguka, iliondoka. Kisha mdomo wa tatu ukafunguka na msingi wa zahanati ukakunjwa pamoja na nondo zake. Njia ya gulio ikawa mto mweusi kwa muda nisioujua.

Yalipopungua, Zubeiri alisimama juu ya jiwe na kuwaita watu kwa majina, nyumba kwa nyumba. Kila jina liliitika. Kila jina. Tumepoteza nyumba tatu, msingi mmoja na jogoo wa yule mama.

Zuwena alikuwa ameketi kwenye majani, anatazama mahali ilipokuwa nyumba yake. Niliketi kando yake. Nikamshika mkono.

"Babu yangu," alisema, "alikuwa akisema mle ndani kuna nguzo za mvule, hazitaoza mpaka kiama." Akaonyesha gogo jeusi lililolala bondeni. "Umeziona? Hazijaoza."

Na uso wake, wallahi, ulikuwa na fahari.

28 Aprili

Mvua imekatika. Nimelala mchana kutwa.

6 Mei

Wakubwa wa wilaya wamekuja, wamepiga picha na tope. Mmoja alitaka kumpongeza Wilfred, Wilfred akamwelekeza kwangu, nikamwelekeza kwa Zuwena, na Zuwena akamwambia anataka bati. Ameahidiwa mbele ya umati, na Mzee Uweso ameiandika ahadi kwenye daftari la kijiji kwa herufi kubwa.

15 Mei

Nimeanza kuchora. Ofisi ya Tanga imeniomba nakala ya masahihisho ya karatasi yetu. Macho si yale, ila mkono upo. Mahandaki matatu nimeyarudisha kwa wino mweusi.

2 Juni

Tumezunguka mlima siku nne, mimi na Zuwena, kwa miguu, polepole. Yeye anataja, mimi naandika. Jiwe la Wachoyo. Mteremko wa Binti Shali. Pumzikeni. Penye Wanawali. Majina thelathini na moja, na hakuna hata moja lililowahi kuwa kwenye karatasi yoyote, ya Mwingereza wala yangu. Nimejiona nimekuwa nikichora nyumba ya watu kwa nje miaka yote hii, leo ndio nimekaribishwa ndani.

Nimemwambia hivyo. Amesema, "Basi vua viatu."

11 Juni

Asubuhi ya jua. Zahanati imepata kiwanja kipya, upande wa mashariki, kwenye mwinuko. Wilfred amepiga hesabu zake, nami nimekagua kwa ramani ya zamani na mpya, hakuna handaki wala mkondo. Vigingi vinne vilikuwa vimeshapigwa, watu wamekusanyika, Zubeiri anataka kuomba dua.

Zuwena akaenda peke yake kutoka kigingi hadi kigingi, bila viatu, anakanyaga kama anayepima unga. Kwenye kigingi cha tatu akasimama muda mrefu.

"Hiki hapana," alisema. "Hapa mvua ikizidi maji hutambaa chini ya majani. Hayaonekani, ila yapo. Sogezeni." Akapanda mwenyewe hadi mahali pengine, akasimama.

Kwenye karatasi zangu zote mbili pale ni pakavu. Nilisubiri Wilfred anigeukie aniulize.

Hakunitazama. Aling'oa kigingi, akahesabu hatua kumi na mbili kupanda, mpaka aliposimama Zuwena.

"Hapa, bibi?"

"Hapo."

Akakigongomea.